Mama anasikia mlio sikioni unaokwenda na mapigo ya moyo, MRI imetoka safi

BintiPangani: Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 61. Tangu Februari sikio la kushoto linalia shwii, shwii, sambamba na mapigo ya moyo. Usiku ndiyo balaa, anasema ni kama mtu anapepeta mchele kando ya mto wake. Kasafishwa sikio, kapewa matone, wapi! MRI ya kichwa (picha ya mashine ya sumaku) ikasema hakuna tatizo. Juzi daktari mwingine kaweka stetoskopu nyuma ya sikio, kanyamaza, kisha kanipa: "Hebu sikiliza na wewe." Nikausikia! Anahisi ateri imeungana na vena moja kwa moja kwenye utando wa ubongo, fistula. Anataka angiografia, picha ya mishipa ya damu, ya kupitisha mrija pajani. Mama kaapa hawekewi mrija. Hakuna picha za nje tu?

Mpigapicha_Ilala: Pole dada, mfikishie mama shikamoo. Mimi ni mrediografa. MRI ya kawaida fistula ndogo inaipita hivihivi. Ombeni MRA ya TOF, yaani MRI ya mishipa ya damu: haina sindano, inaonyesha damu inayokimbia. Mashine ikiwa na ASL, vizuri zaidi. Hapo damu hutiwa alama kwa sumaku ikiwa shingoni, na alama hiyo kwa kawaida huishia ndani ya ubongo. Ukiona vena inang'aa, ujue damu imepita njia ya mkato. CT angiografia, picha ya mishipa kwa eksirei, ni dakika chache tu, ila ina sindano ya dawa ya ayodini, kwa hiyo figo zipimwe kwanza. Halafu, fomu ya MRI iliandikwa nini? Sisi tunatafuta tulichoambiwa.

BintiPangani: Nimeitoa sasa hivi. "Kizunguzungu." Mama hajawahi kuwa na kizunguzungu maishani!

Mpigapicha_Ilala: Ndiyo hayo. Safari hii iandikwe "mlio wa mapigo, kushoto".

DaktariMstaafu: Mwanangu, fanyeni hizo kwanza. Ila zikitoka safi na stetoskopu bado inasikia, mrija haukwepeki. Ndio unaoonyesha vizuri damu inaelekea wapi; ikirudi nyuma kwenye vena za juu ya ubongo, hatari ya kuvuja ni kubwa. Na mara nyingi tiba hupitia mrija huohuo. Siku hizi wengine huupitisha kwenye kifundo cha mkono. Akipata maumivu makali ya kichwa ya ghafla, degedege au jicho kutokeza, msingoje kukuche.

BintiPangani: Asante, shikamoo dokta. MRA ni Alhamisi. Nimemwambia habari ya mkono, kasema mkono ataufikiria.