Antena za rauta zilizotupwa: kanuni ituachie tuzitumie tena?

Mleta mada:
Wakuu, rauta (kile kifaa cha kusambaza Wi-Fi) ikiungua, antena zake mara nyingi huwa bado nzima. Ndani ya ile fimbo ya plastiki hakuna saketi ya kuungua, ni waya na kibomba cha chuma tu. Sasa, kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa kawaida zinakataza vifaa vya aina hii kuwa na kiunganishi cha kawaida: antena iwe ya kudumu au iwe na kiunganishi cha pekee. Ndipo ikaenea RP-SMA, yaani SMA (kiunganishi kidogo cha skrubu cha antena) iliyobadilishana pini na tundu vya katikati, ili mtu asifunge antena yoyote aitakayo. Leo RP-SMA zinauzwa kila mahali. Kizuizi kimebaki jina, na anayesumbuka ni anayetaka kutumia kilichopo. Nasema ifutwe. Nani anapinga?

Mchangiaji 1:
Mimi. Kifaa kilipimwa pamoja na antena yake. Ukifunga yenye nguvu zaidi unaweza kuvuka kikomo. Ulaya, kwenye gigahezi 2.4, ni miliwati 100 pamoja na mchango wa antena. Atakayelia mtandao umekwama ni jirani.

Mchangiaji 2:
Fimbo ya rauta ivuke kikomo gani? Dipoli ya nusu wimbi, antena ya fimbo ya kawaida, ni dBi 2.15 (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya nguvu upande mmoja), na hizi fupi zilizoandikwa dBi 9 ni maneno ya biashara. Kinachoniudhi ni watu kuzifunga kwenye LoRa (redio ya kutuma data kidogo mbali) ya megahezi 868. Wimbi la gigahezi 2.4 lina sentimita 12.5, la 868 karibu 34.5. Antena hukatwa kulingana na urefu wa wimbi; isipolingana, nguvu kubwa inarudi ilikotoka, na inaweza kuunguza kipaza cha kurushia. Zigbee (redio ya vifaa vya nyumbani) na Bluetooth sawa, masafa ni yale yale ya gigahezi 2.4. Halafu mtazame katikati kabla ya kukaza: antena ya rauta kwenye SMA ya kawaida inaingia vizuri kabisa, kumbe ni tundu kwa tundu, hakuna kinachogusana. Mtu anatupa antena nzima akidhani mbovu.

Mleta mada:
Mchangiaji 1, la jirani nakubali. Ila basi kikomo kiwe kwenye nguvu inayotoka hewani, si kwenye umbo la skrubu. Rauta nyingi siku hizi kebo ya antena imelehemiwa kwenye bodi; fundi anaikata, analehemu nyingine, kazi imekwisha. Kanuni imemzuia nani hapo?

Mchangiaji 1:
Imemzuia asiyejua kulehemu, na hao ndio wengi. Fundi mmoja hasumbui mtaa mzima.