Alama 12 za dodoso la sonona: mdogo wangu ni mgonjwa au mzima?

Dada_wa_Moro: Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu alikwenda kliniki baada ya kukosa usingizi kwa muda mrefu, akaulizwa maswali tisa ya kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na kuambiwa amepata alama 12 kati ya 27. Baba anashikilia kwamba kijana anayekwenda kazini kila siku hawezi kuwa mgonjwa, ilhali shangazi ameshaanza kuwanong'oneza majirani kuwa amerukwa na akili. Ni yupi aliye karibu na ukweli?

Muuguzi_Dom: Pole sana dada. Kwa maoni yangu hakuna hata mmoja, kwa sababu wote wawili wanadhani kuna mstari mmoja tu, wazima upande huu na wagonjwa upande ule. Dodoso hilo, PHQ-9, huuliza hali ya wiki mbili zilizopita, na kila swali hupewa alama kuanzia 0, kwa asiyesumbuliwa kabisa, hadi 3 kwa anayesumbuliwa karibu kila siku. Kuanzia 5 dalili huhesabiwa kuwa hafifu, kuanzia 10 ni za wastani, kuanzia 15 ni kali kiasi, na kuanzia 20 ni kali sana. Mipaka hiyo imewekwa ili kusaidia kuamua tiba. Mwenye 9 na mwenye 10 hawana maradhi mawili tofauti. Alama peke yake haithibitishi sonona, hivyo arudi ahojiwe kwa kina. Ila swali la tisa, linalohusu kutamani kufa au kujidhuru, halisubiri jumla: hata akipata 1, lazima lifuatiliwe.

Fundi_Cherehani: Mwambie mzee kwamba hata mimi nilikuwa nikifungua duka kila asubuhi. Nilikuwa nikitandaza kitambaa cha mteja mezani, nikashika mkasi, na adhuhuri ikanikuta sijakata hata mkono mmoja wa gauni. Nilitibiwa, nikapata nafuu, nikateleza tena kidogo, na sasa naendelea vizuri.

Dada_wa_Moro: Nawashukuru sana. Sijui alijibu nini kwenye swali la tisa. Nikimuuliza waziwazi, si nitampandikizia wazo hilo?

Muuguzi_Dom: Hapana, kuuliza hakupandikizi wazo, na wengi hupata ahueni wanapoulizwa. Muulize mkiwa wawili tu, bila kumlaumu. Akikiri kwamba mawazo hayo humjia, asiachwe peke yake, na mrudisheni kliniki siku hiyo hiyo.