Ofisi ya vifurushi imevilowesha vitambaa vyangu kwa maji ya samaki, sasa kosa limehamishiwa kwa paka

Ndugu zangu, nawasalimu nyote kwa heshima. Kwa kawaida mimi husoma na kupita, na nyuzi ninazozijua vizuri ni zile za cherehani, lakini kwa hili lililonipata niliporudi nyumbani Mbeya sitanyamaza, kwa sababu nimeharibiwa kazi ya mikono ya miezi mitano na juu ya hapo nimeambiwa usoni kwamba wahalifu ni paka wangu.

Mwezi Mei niliteremka Dar es Salaam kumlea binti yangu aliyekuwa amejifungua, nikakaa huko hadi mwisho wa Septemba. Anayejua ulezi anajua kwamba kuna saa nyingi za kukaa kimya huku mtoto na mama yake wamelala, nami saa hizo nilizitumia kushona mfarishi wa viraka, ambao nilikusudia uwe tayari mjukuu wangu atakapopandishwa huku Desemba kuja kuonekana na ukoo. Vitambaa vyenyewe vilikuwa mabaki ya vitenge niliyopewa na fundi mmoja wa Mbagala, pamoja na khanga mbili za marehemu mama yangu, moja nyekundu na nyingine ya manjano, ambazo nilizikalia miaka mingi kabla ya kupata moyo wa kuzitia mkasi.

Naomba mnivumilie nieleze kazi hii inavyofanyika, maana aliyenijibu pale ofisini alidhani tunazungumzia matambara. Unaanza kwa kukata karatasi ndogo zenye pembe sita zilizo sawasawa. Juu ya kila karatasi unaweka kipande cha kitambaa kinachoizidi kwa robo inchi kila upande, unazikunjia ndani kingo zake na kuzipiga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kisha unaunganisha kipande na mwenzake, ukingo kwa ukingo, kwa mishono ya mkono iliyo midogo kiasi kwamba bila miwani huioni. Karatasi haiondolewi mpaka kipande kiwe kimezungukwa na wenzake pande zote sita, kwa sababu ndiyo inayoshikilia umbo. Ikilegea mapema, pembe zinapinda na mfarishi mzima hautalala bapa. Nilikuwa na vipande 640 vya namna hiyo, vyote vimeshapigwa bandi, na 200 na ushei vimeshaunganishwa. Karatasi alinipa mkwe wangu, ambaye ni mwalimu, kutoka katika mitihani ya zamani aliyokwisha kuisahihisha. Mtaona baadaye kwa nini ninaitaja.

Vitambaa hivyo, pamoja na yadi tano za marekani nyeupe ya kuweka upande wa chini, nilivifunga katika mfuko wa salfeti wenye uzito wa kilo 14 na kuukabidhi siku ya Jumatatu kwa ofisi ya vifurushi ya kampuni moja ya mabasi, ambayo sitaitaja hapa, ili unitangulie. Nililipa shilingi 12,000 na kupewa risiti. Karani wa Dar es Salaam, ambaye sina neno baya juu yake, aliniuliza mna nini ndani, nikamwambia, naye akachukua kalamu nene ya wino mweusi akaandika juu ya mfuko kwa herufi kubwa: VITAMBAA, VISILOWE. Aliniambia mzigo utakuwa Mbeya Jumanne jioni.

Mimi mwenyewe nilisafiri Jumatano. Tulipopanda Kitonga na kuanza kuingia nyanda za juu niliona miti ya miombo imevaa yale majani yake mapya mekundu ambayo hutangulia mvua, nikajua nimeiwahi Oktoba. Hatuna majira ya machipuko kama yale ya Ulaya wanayoyaona watoto kwenye vitabu, lakini mwezi huu, kipupwe kikiwa kimeshatuachia na mvua za Novemba hazijafika, ndio wetu. Wageni hutuuliza habari za Kitulo, ile hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005 na inayoitwa Bustani ya Mungu, na Kitulo ni kweli, ila maua yake husubiri mvua zikolee. Bustani ya uani haisubiri. Nilikuta jakaranda za barabarani zimeanza kuangusha maua, mpichi wangu umeshapukutisha ya kwake na kufunga vitunda vyenye manyoya vyenye ukubwa wa kunde, mawaridi yametoka machipukizi mekundu, na katika tuta la mbele vichwa vya dalia vinapasua udongo, kwa sababu kijana wa jirani yangu alinimwagilia bila kukosa hata wiki moja. Mwezi huu ndio ninaoshonea nje, kwenye mkeka chini ya mpichi, nikiwa na mwanga wa kutosha na jua la kukaushia kitambaa bila wasiwasi. Mvua ikishaanza, Mbeya unaweza kuanika shuka siku tatu.

Paka wangu ni wawili. Mama anaitwa Viraka kwa sababu ana rangi tatu, nyeusi, nyeupe na ya machungwa (paka wa rangi hizo karibu wote huwa majike, na huyu wangu hakuvunja desturi), na mwanawe wa kiume aliyezaliwa Aprili anaitwa Bobini. Viraka alinipokea kwa kunipa mgongo hadi usiku, ndiyo adhabu yake kwa anayesafiri bila kumuaga. Bobini, niliyemwacha akiwa anaenea kwenye kikombe, nilimkuta mrefu kama soksi. Alijificha nyuma ya ndoo, akaurukia mkanda wa mkoba wangu, akakimbia, akarudi kuurukia tena, na nilicheka peke yangu pale barazani kama niliyepungukiwa na akili.

Hiyo ndiyo furaha yote niliyoipata. Jumatano jioni niliulizia mzigo ofisini kwao, nikaambiwa haujafika. Alhamisi haujafika. Ijumaa nikaambiwa huenda ulishushwa Makambako kwa makosa, nivute subira. Jumamosi, saa tano kasoro dakika sita asubuhi, nikapigiwa simu na karani wa ofisi ya hapa Mbeya, na maneno yake nayanukuu kama yalivyo kwa sababu kesi yangu yote imesimama juu yake: “Mama, njoo uchukue mzigo wako haraka, ofisi nzima inanuka samaki.” Nilimjibu kwamba nipo msibani na nitafika saa tisa alasiri. Akasema sawa.

Hakusubiri hiyo saa tisa. Alimpa mfuko kijana wa bodaboda, aliyefika nyumbani kwangu kama saa saba mchana, na alipobisha hodi bila kuitikiwa aliutupa juu ya ua kama mtu anayetupa gunia la makaa. Jirani aliyekuwa akianua nguo alimwona. Mfuko uliangukia tuta la dalia na kuvunja machipukizi tisa kati ya kumi na manne, nimeyahesabu.

Niliporudi kutoka msibani niliisikia harufu kabla ya kufungua geti. Nilichokiona baada ya kulifungua nitajitahidi kukieleza bila kuongeza chumvi. Mfuko ulikuwa umechanwa pembeni, Viraka amelala chali juu ya marekani anajigaragaza kwa raha zote, akikumbatia kipande na kukipiga mateke kwa miguu ya nyuma, huku viraka vya kitambaa vikiwa vimetapakaa kuanzia tutani hadi barazani, vingine vimening'inia kwenye miiba ya mawaridi kama vitambaa vya sherehe ya shule. Bobini alikuwa chini ya mpichi, anakohoa, na pembeni mwa mdomo wake ilining'inia ncha ya uzi.

Wenye paka, tafadhali msije mkauvuta uzi wa namna hiyo. Ncha ya pili ikiwa imeshanasa tumboni, kuuvuta ni kukata utumbo kwa ndani kama waya unavyokata sabuni. Nilimfunga Bobini katika khanga, nikapanda bajaji hadi kwa daktari wa mifugo, ambaye aliukata uzi uliokuwa nje na kuniamuru nimchunguze kinyesi na hamu ya kula kwa siku mbili, na siku ya pili, namshukuru Mungu, sehemu iliyobaki ilitoka yenyewe. Matibabu na bajaji vilinigharimu shilingi 41,000. Paka hali uzi wa pamba mkavu kwa njaa. Aliula kwa sababu ulikuwa umelowa mchuzi wa samaki.

Usiku ule nilikusanya kila kitu ndani ya beseni na kukikagua chini ya taa. Karatasi zilikuwa zimegeuka uji. Vipande vilivyokuwa na pembe sita vilikuwa vimejikunja mithili ya majani ya chai, mabonge ya karatasi yamegandamana ndani ya pindo, na hakuna namna ya kuyatoa bila kufumua bandi moja baada ya nyingine. Khanga nyekundu ya mama ilikuwa imechuja rangi na kuitia marekani mabaka ya waridi. Wino mwekundu wa mkwe wangu nao ulikuwa umehamia kwenye kitambaa: katika kipande kimoja cha khanga ya manjano neno “Rudia” limejichapa kinyumenyume, linasomeka vizuri ukilitazama kwenye kioo.

Jumatatu nikaenda ofisini kwao. Karani aliniamkia, “Shikamoo mama,” kwa adabu kamili, akanivutia kiti, akaniuliza habari za safari, na baada ya heshima zote hizo akaniambia kampuni haihusiki. Sababu ya kwanza ilikuwa kwamba nyuma ya risiti imeandikwa mzigo husafirishwa kwa hatari ya mwenyewe. Nilipomwonyesha maandishi yaliyoandikwa na mwenzake juu ya mfuko, akageuza: mfuko umechanwa na paka, na yeye hawezi kujua kilichoharibika kabla ya paka na kilichoharibika baada ya paka. “Mama, hawa ni paka wako, si paka wa kampuni.” Msimamizi wake aliyekuwa nyuma ya pazia akacheka.

Nilifanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na nimesikia visingizio vya kila aina, lakini hiki kimenichosha. Simu ya saa tano kasoro dakika sita ilipigwa na nani? Kama ofisi nzima ilikuwa inanuka samaki saa mbili kabla mfuko haujavuka ua wangu, paka wameingiaje hapo? Mimi nilipakia vitambaa vikavu. Boksi la samaki wa barafu halikuwa langu. Kuna mtu alilipanga juu ya mfuko ulioandikwa VISILOWE, katika buti ya basi, kwa safari ya zaidi ya kilomita 800 inayopita joto lote la Morogoro na Mikumi, barafu ikayeyuka kama inavyoyeyuka siku zote. Hata paka wangu wasingezaliwa, uji wa karatasi ungekuwa ule ule. Zaidi ya hapo, makubaliano yetu yalikuwa mimi kuuchukua mzigo ofisini kwa risiti na kitambulisho, wala sikumtuma mtu yeyote anirushie juu ya ua. Hayo yaliyotokea bustanini, pamoja na tuta langu na tumbo la Bobini, yametokea kwa sababu wao waliona harufu haivumiliki hadi saa tisa.

Ama kuhusu maandishi ya nyuma ya risiti, ambayo ni madogo kuliko mishono yangu, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida ambavyo angeitunza yake. Sijui mwenye busara gani huweka samaki juu ya shuka zake. Kwa vyovyote, sikubali kwamba mstari mmoja wa chapa humwondolea mtu wajibu huo wakati mzembe ni yeye mwenyewe.

Ninachodai nimekiandika kwa barua na kubaki na nakala: nirudishiwe nauli ya mzigo shilingi 12,000, bei ya marekani, shilingi 41,000 za paka, na fidia ya vipande 640 ambayo tutakaa tuizungumze kama watu wazima. Khanga za mama sijazitia katika hesabu kwa sababu hazina bei. Nimewapa siku saba, na nisipojibiwa nalipeleka jambo hili Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, nikiambatanisha risiti, picha na rekodi ya muda wa simu. Kama yupo aliyepanda basi la Jumatatu usiku kutoka Mbezi kuja Mbeya akaona maji yakichuruzika kutoka kwenye buti, au aliyekuja kudai boksi lake la samaki, namsihi aniandikie hapa chini. Hata mwenye samaki simlaumu, maana naye huenda alipokea samaki wenye manyoya ya vitenge.

Jana msimamizi alinipigia akanishauri kwa upole nivifue vile vitambaa, niviloweke na ndimu, nivianike, kisha niende navyo wavione, kwa kuwa hawawezi kupokea mzigo wenye harufu juu ya kaunta. Nimemwambia nitakuja kesho saa tatu asubuhi. Vipande vya khanga ya mama nimeshavitenga kwenye beseni lake. Mfuko uliobaki upo vile vile kwenye kibanda cha kuni, mlango nimeufunga kwa kufuli, Viraka na Bobini wameketi nje yake tangu alfajiri, na sijaufua.