Ulipanga miaka miwili, ikawa saba: ule muda wa katikati uliuishi vipi? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nikiwa na miaka 25 niliandika kwenye daftari: 27 shahada ya pili, 28 ndoa, 30 nyumba. Mwaka huu nimetimiza 34. Shahada nimeipata mwaka jana, baada ya kusimamisha masomo mara mbili, mara ya kwanza kwa kukosa ada, ya pili baba alipougua. Hayo mengine bado.

Kila ninayemweleza hunijibu "subira huvuta heri". Najua ananitakia mema, lakini bado sijui niamke nifanye nini kesho asubuhi. Ndiyo maana siulizi nani alifanikiwa. Nauliza mliishije mkiwa bado mnasubiri.

Nianze mwenyewe. Kilichoniumiza kuliko kuchelewa ni kujificha. Niliacha kwenda kwenye harusi za niliosoma nao, nikaacha kupokea simu zao, nikijiambia nitajitokeza mambo yakikaa sawa. Masomo yalichelewa kwa sababu ninazoweza kuzitaja. Marafiki niliwapoteza kwa mkono wangu.

Jezi namba 8

Pole sana, mkuu. Mimi mpira ulikuwa ndiyo mpango wangu wote. Nikiwa na miaka 22, wiki chache kabla ya majaribio ya timu kubwa, kano ya mbele ya goti ikakatika. Nikafanyiwa upasuaji, wakachukua kano nyuma ya paja langu wakaipandikiza gotini. Daktari akasema mechi si kabla ya miezi 9.

Mwezi wa tatu natembea bila gongo, goti halivimbi, haliumi. Nikaanza kuchungulia uwanjani. Mama aliyekuwa ananisimamia mazoezi ya viungo akanikalisha chini, akanieleza kitu ambacho sijakisahau. Kano iliyopandikizwa haishiki moja kwa moja. Kwanza hulegea, kwa kuwa imetengwa na damu iliyokuwa ikiilisha, kisha mwili huijenga upya polepole. Kwa hiyo katika miezi ile ya mwanzo, unapoanza kujiona mzima, kano yenyewe huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Wengi hukatika tena kwa kurudi uwanjani mapema.

Tangu siku hiyo niliacha kuhesabu siku zilizobaki. Kila Ijumaa nilipima paja kwa futi ya fundi cherehani na kuandika. Lilikuwa limepungua sentimita 4 kuliko lenzake. Wiki nyingine haliongezeki hata kidogo, lakini naandika vilevile. Nilirudi mwezi wa 11. Yale majaribio yalishapita na hayakurudi. Leo nacheza daraja la chini na jioni nafundisha watoto, na kila mmoja wao nampasha misuli ipasavyo kabla hajagusa mpira.

Mama Kifungua

Mimi na mume wangu tulikaa miaka 6 bila mtoto. Nitasema jambo ambalo huenda likamfaa mtu. Miaka 3 ya kwanza tuliita subira, kumbe ilikuwa woga. Nilikuwa naenda kupimwa peke yangu, majibu yangu yanatoka mazuri, narudi nyumbani tunanyamaza. Yeye hakupimwa, na mimi sikumwambia akapimwe, nikiogopa atajisikia vibaya.

Alipokubali, tatizo lilionekana upande wake, na lilikuwa la kutibika. Hapo ndipo tukaanza kusubiri kwa kweli. Daktari alituambia mbegu za kiume huchukua miezi miwili na zaidi kutengenezwa mpaka zikomae, kwa hiyo dawa unayoanza leo usitegemee kuiona kwenye kipimo cha mwezi ujao. Tulikuwa tunapima kila baada ya miezi 3. Kwa mara ya kwanza tulijua tunasubiri nini na kwa nini, na hata usingizi wangu ukarudi.

Wanaosubiri mtoto, nawasihi: mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 kama mwanamke ameshafika miaka 35, nendeni hospitali. Wote wawili, siku moja.

Binti yetu ameanza kusoma. Jana ameandika jina lake na herufi moja akaigeuza.

Fundi wa zamu

Mimi ni fundi ujenzi, na nyumba yangu mwenyewe imesimama kwenye lenta mwaka wa nne huu. Ninachoweza kumwambia mwenzangu: ukiona hela inakata, chagua pa kusimama. Malizia hatua uliyonayo. Zege ulilomwaga limwagilie wiki nzima hata kama huna mpango wa kuendelea, maana likikauka haraka halipati nguvu yake. Nondo zilizotokeza zifunike, kutu haisubiri mtu. Juu ya kuta weka kifuniko mvua isiingie. Nimeona watu wanaorudi baada ya miaka mitatu wakaanza kwa kubomoa.

Bado niko njiani

Nilitaka kuleta habari ya Eliud Kipchoge, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya 2012, akahamia marathoni na kuchukua dhahabu mwaka 2016. Hadithi hiyo naipenda. Lakini sisi tunaijua tukiwa mwisho wake. Yeye mwaka 2012 hakuijua 2016.

Mimi natafuta kazi mwaka wa tatu. Sina mwisho wa kuwasimulia. Nina ratiba tu: asubuhi maombi ya kazi mawili, si kumi, kisha nafunga kompyuta na kwenda kumsaidia kaka dukani. Nilipokuwa natuma kumi kwa siku nilikuwa nalia kila jioni.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Dada Mama Kifungua, lile neno la woga limenikaa. Leo mchana nimempigia rafiki yangu ambaye harusi yake sikwenda. Ana watoto wawili, sikuwa najua. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Ameuliza kama Jumamosi nina nafasi.