Watu wa Mwembe Mkubwa

*Jumatatu, 29 Aprili 2024*

Haluwa 06:41
Habari za asubuhi nyote. Shikamoo Babu, shikamoo Mjomba Maro, shikamoo Shangazi. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho. Hawayu amenipigia usiku kutoka Garissa. Mto Tana umepanda tena, barabara ya Madogo haipitiki, watu wanavushwa kwa boti, na jana boti moja imepinduka pale Kona Punda. Bwawa la Masinga limejaa, na mabwawa ya chini yake mpaka Kiambere yamejaa. Maji yaliyoko Garissa leo hayatalala Garissa. Yatapita Bura, Hola, Wenje, halafu ni sisi. Hizo siku yanazosafiri ndizo siku zetu.

Haluwa 06:44
Nataka majibu leo. Dhadho anahama lini? Mbegu zinawekwa wapi? Babu analala kwa nani?

Haluwa 07:58
Naona mmesoma watu kumi na moja.

Komora Boda 08:20
Babu aje kwangu Garsen. Kitanda ni futi tatu na mimi nakoroma kama injini ya Yamaha, atachagua mwenyewe kati ya mto na mimi 😂😂

Dhadho 08:22
😂😂😂 wewe

Jillo Kipini 08:23
Kiboko akisikia huo mkoromo atajua mwenzake ameamka

Komora Boda 08:23
🤣🤣

Haluwa 08:31
Komora, nimeuliza jambo la maana. Dhadho umecheka, sasa nijibu. Mwezi wako ni huu?

Dhadho 08:47
Kliniki waliniambia wiki ya pili ya Mei dada

Haluwa 08:49
Basi wewe ndiwe wa kwanza. Maji yakishafunga njia utabebwa kwa mtumbwi usiku na uchungu juu, mamba majini. Uhamie Ngao sasa ukae karibu na hospitali, hata kama ni kusubiri wiki mbili.

Buya Nairobi 09:15
*Imesambazwa mara nyingi*
MASINGA IMEPASUKA!!! WATU WOTE WA TANA RIVER ONDOKENI SASA HIVI MAJI YATAFIKA USIKU HUU!!! TUMA KWA MAKUNDI YOTE

Mama Dhadho 09:17
Yesu wangu

Mama Dhadho 09:17
Haluwa ni kweli??

Mama Dhadho 09:21
Natoka shamba nakimbia

Haluwa 09:24
Mama usikimbie. SI KWELI. Buya tafadhali futa hiyo. Bwawa kumwaga si bwawa kupasuka. Likijaa, maji ya ziada yanapitia mlango wake wa kumwagia, limejengwa hivyo. Ni maji mengi na yanakuja, lakini hayaji usiku mmoja kutoka Masinga mpaka kwetu. Watu wakikimbia leo kwa uongo, kesho chifu akitangaza la kweli hakuna atakayetoka.

*Buya Nairobi amefuta ujumbe huu*

Buya Nairobi 09:40
Samahani, nilitumiwa kazini. Huku nako si kuzuri, wamezungumzia Mai Mahiu asubuhi hii, watu wamesombwa usingizini. Na shule zimesogezwa wiki moja.

Shangazi Mwanajuma 09:52
Mungu awarehemu.

Haluwa 10:05
Kwa hiyo watoto wote wako nyumbani, hiyo ni mizigo zaidi ya kuvusha. Mama Dhadho nisikilize. Chukua ile ndoo ya rangi yenye mfuniko. Ndani yake weka vitambulisho, kadi ya kliniki, vyeti vya watoto, karatasi za shamba, vyote kwanza vifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Ndoo hiyo isitoke machoni pako. Vyandarua vikunjwe, utavihitaji zaidi kambini kuliko nyumbani. Dawa ya maji ipo dukani kwa sasa, nunua kabla haijaisha. Maji ya mafuriko yamepita kwenye vyoo vyote kutoka Garissa, hata yakiwa meupe usinywe.

Haluwa 10:11
Mbegu ndizo zinaniuma. Mnakumbuka Novemba? Tuliacha mpunga wa mbegu kwenye gunia chini ya kitanda, eti maji hayatafika mlangoni. Tulipofungua ulikuwa umeota, mizizi myeupe imetoka kwenye gunia kama ndevu, harufu hadi nje. Maji yalipokauka udongo ulikuwa mzuri mno na hatukuwa na cha kupanda. Tulinunua mbegu kwa bei ya kuomba. Safari hii gunia litoke kabla ya watu kutoka.

Mama Dhadho 10:30
Kwenye uchaga wa jikoni haitoshi?

Haluwa 10:32
Haitoshi mama. Novemba maji yalifika wapi ukutani? Alama bado ipo. Magunia yaende Minjila.

Komora Boda 10:40
Minjila kwa nani sasa

Shangazi Mwanajuma 10:44
Swali zuri hilo. Kile kiwanja kingekuwepo tusingeulizana Minjila kwa nani.

Jillo Kipini 10:45
👀

Mjomba Maro 11:20
Nimesoma. Nilijua tu tutafika hapo.

Shangazi Mwanajuma 11:22
Mimi sijataja mtu.

Mjomba Maro 11:26
Dada, kila mvua ikinyesha kiwanja kinafufuka. Mwaka 2018 hivyo hivyo, Novemba hivyo hivyo. Walioona mwaka kilipouzwa ulivyokuwa wanajua kwa nini. Wewe ulikuwa Mombasa.

Shangazi Mwanajuma 11:27
Nilikuwa Mombasa na nilikuwa natuma pesa.

Mjomba Maro 11:29
Zilifika za nani?

Haluwa 11:31
Wazee wangu nawaheshimu, nawaomba. Maji hayasubiri tumalize hili. Mjomba, mwenye lile ghala karibu na barabara ya Lamu si ulisoma naye? Unaweza kumwomba kona moja tu ya magunia?

Haluwa 13:02
Mjomba?

Haluwa 15:47
Mafuta ya boti ya kumtoa Dhadho, mama yake, watoto na mbuzi. Nimeshazungumza na mwenye boti, anataka nusu kwanza. Mimi nimetoa elfu mbili. Tuma kwangu kwa M-Pesa, nitaandika majina hapa.

Buya Nairobi 16:10
Nimetuma 1,500

Jillo Kipini 16:15
Mwisho wa mwezi ndugu zangu, samaki hakuna, maji ni matope mpaka baharini. Nitatoa nguvu. Nitashika kasia.

Komora Boda 16:18
Mimi nitawabeba kutoka kando ya maji mpaka Minjila bure, hata mbuzi. Mbuzi avae helmeti tu

Dhadho 16:20
😂😂 na mimi na tumbo hili nitakaa wapi

Haluwa 16:25
Asante Komora. Dhadho hapandi boda, tutatafuta probox. Na jamani, boti isijazwe. Watu na mbuzi safari tofauti, na si usiku. Mmesikia ya Kona Punda.

*Jumanne, 30 Aprili 2024*

Simu ya Babu 05:58
Mimi ni Maro mdogo naandika, Babu anasema na mimi naandika alivyosema.

Simu ya Babu 06:12
Nimesomewa yote. Mwaka 1961 nilikuwa mvulana. Maji yalikaa mpaka tukasahau ardhi iko wapi, ndege zikatudondoshea unga. Lakini mto ule tulikuwa tunauelewa. Ulikuwa ukipanda na masika, ukipanda na vuli, unapanda polepole, mtu anaweka kijiti ukingoni jioni na asubuhi anasoma. Ukishuka unatuachia matope, tunapanda mpunga, tunakula. Sisi ni watu wa mafuriko. Siku hizi mto unafunguliwa na watu wa juu, kijiti hakisomeki. Kulala macho hakutusaidii tena. Haluwa amesema kweli.

Simu ya Babu 06:19
Dhadho aondoke leo. Si kesho. Nisimkute hapa jioni.

Simu ya Babu 06:24
Habari ya kiwanja ifungwe. Aliyeuza anajua, na mimi najua. Nikiisikia tena katika kikundi hiki, anayeisema aje aniulize mimi kwa mdomo wake, ana kwa ana.

Simu ya Babu 06:26
Mimi sitoki. Mke wangu yuko hapa chini ya mwembe. El Niño ya 1997 nilimwacha peke yake siku nyingi, nikarudi sikuliona kaburi, nilipapasa kwa mkono ndani ya matope. Msiniulize tena.

Dhadho 07:40
Sawa Babu. Nafunga mizigo.

Mjomba Maro 09:03
Shikamoo Baba. Nimesikia. Ghala limepatikana, kona ya nyuma, magunia yapangwe juu ya mbao. Nitakuwepo Minjila kupokea.

Shangazi Mwanajuma 09:30
Haluwa nimekutumia elfu tatu.

Haluwa 09:34
Imefika Shangazi, asante sana. Asante Mjomba.

Haluwa 17:55
Dhadho na mama yake wako Ngao, wamefika kwa usalama. Watoto wako kwa mwalimu kule Tarasaa. Magunia manne yamevuka, mawili bado. Mbuzi bado. Ndoo ya karatasi mama anayo mkononi.

Haluwa 17:57
Babu shikamoo. Sikuulizi. Nasema tu kwamba boti inarudi kesho kuchukua mbuzi.

*Ijumaa, 3 Mei 2024*

Jillo Kipini 06:30
Huku mmesikia kimbunga? Hidaya. Wanasema kinaelekea Tanzania ila upepo na mawimbi yatafika kwetu pia, wavuvi tumeambiwa tusitoke. Nimevuta mashua juu.

Haluwa 06:36
Jillo usiende baharini hata uitwe na nani. Na kaa ujue, bahari ikisukuma ndani, mto haupati pa kumwagia. Maji yatarudi nyuma kwa watu wa Kau na Ozi kwanza. Wenye jamaa huko wapigieni.

Jillo Kipini 06:40
Hapa kisimani kumeanza kuonja chumvi

Komora Boda 06:52
Maji yako shambani kwa Babu, yamefika kwenye ndizi. Mlangoni bado. Nimeongea naye kutoka ng'ambo kwa kupaza sauti, amenipungia mkono.

Haluwa 06:53
Amekula?

Komora Boda 06:54
Maro mdogo yuko naye. Wana unga. Mtumbwi umefungwa kwenye mwembe, nimeuona.

Haluwa 06:58
Mwenye boti anataka nusu iliyobaki kabla hajarudi. Imepungua 2,200. Nani?

Haluwa 08:15
Nani jamani?

Binamu Hawayu Garissa 11:48
Shikamooni wote, tulikuwa hatuna umeme tangu Jumanne, simu ndio imewaka sasa. Mto huku haujashuka. Dhadho alihama?

Haluwa 11:50
Alihama. Mbuzi na Babu bado. Unaweza kutuma chochote?

Binamu Hawayu Garissa 12:20
Nipe mpaka jioni

Mjomba Maro 12:31
Haluwa, mimi nitaenda na boti hiyo mwenyewe. Pesa iliyobaki nitazungumza naye huko huko. Nisipomleta Baba nitalala kwake.