Naomba ushauri: siku ya kwanza ya safari ya kupiga kambi Namibia

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi na mke wangu tutatua Windhoek asubuhi, tuchukue gari la kukodi lenye hema juu ya paa, kisha tuizunguke Namibia tukipiga kambi. Tunatamani sana kulala Sesriem, kwenye lango la hifadhi ya jangwa la Namib, usiku huohuo, maana anayelala ndani ya lango huruhusiwa kuelekea Sossusvlei, kwenye matuta makubwa ya mchanga, kabla jua halijachomoza. Ila ni zaidi ya kilomita 300, sehemu kubwa changarawe, na kuendesha gizani penye wanyama kunanitisha kweli. Niliowauliza wanaokodisha magari wanajibu tu "inawezekana".

Mliopita huko, twende moja kwa moja au tulale kwanza Windhoek? Na kwenye changarawe, matairi tuyapunguze upepo kiasi gani?