Ami Athman aenda kuwaona Queen

Kikundi: Ukoo wa Shella, Malindi

*Usiku, saa saba na nusu za Malindi*

Athman (London): Assalaam alaykum ndugu zangu. Najua huko mshalala. Ndiyo natoka ukumbi wa O2, niko kwenye treni narudi nyumbani. Nimewaona Queen, lile kundi la muziki la Uingereza, kwa macho yangu. Nawaandikia sasa hivi kwa sababu kesho nina zamu ya alfajiri, na nikilala mengine yatanitoka.

Athman (London): Ile tikiti mnaikumbuka? Niliinunua kabla ya korona. Onyesho lilipangwa 2020, likaahirishwa, likaahirishwa tena, mpaka Juni hii ya 2022. Katikati hapo Brian May mwenyewe akapatwa na mshtuko wa moyo, Mei 2020. Nikaona basi, haitakuwa tena. Alhamdulillahi imekuwa.

Zuhura: Waalaykumu ssalaam Mjomba 😍 Mimi ni macho, nina mtihani. Picha ziko wapi?

Athman (London): [Picha] Mwenye nywele nyeupe za kujisokota ndiye Brian May. Nyuma kwenye dramu ni Roger Taylor. Brian ana miaka 74, Roger 72. Mliwaona majuzi kwenye TV wakifungua sherehe ya miaka 70 ya utawala wa Malkia Elizabeth pale Buckingham.

Zuhura: Na huyu aliyevaa nguo za kumetameta?

Athman (London): Adam Lambert, Mmarekani. Ndiye anayeimba sasa. Yeye ndiye maneno yote, nitawaeleza asubuhi. Nimefika kituo changu. Soma mtihani wako mwanangu, Mungu akufungulie.

*Asubuhi*

Rukia: Waalaykumu ssalaam kaka. Nimefurahi umekwenda na umerudi salama. Lakini wacha nikwambie lililo moyoni. Yule mwimbaji wao, Freddie Mercury, mwana wa Unguja, amefariki 1991. Sasa umelipa pesa zako kwenda kumwona nani?

Rukia: Mimi nilipokwenda Unguja nilipelekwa Shangani kwenye ile nyumba yake ya makumbusho. Nikaona picha zake akiwa mdogo, kabla hajapelekwa shule Bara Hindi. Baba yake alikuwa karani wa fedha wa serikali. Wakatoka 1964 baada ya Mapinduzi, wakaenda Uingereza. Nikamwona ni mtu wa kwetu, wa pwani hii. Ndiyo maana najiuliza, yeye hayupo, hilo kundi linaitwaje bado Queen?

Faraj: Salaam nyote. Kusi limeshika, mashua hazikutoka leo, kwa hiyo nipo nasoma. Athman, unaikumbuka ile kaseti? Mtalii aliiacha hotelini ulipokuwa ukifanya kazi. Tukiipiga barazani kwa redio ya betri mpaka mama aseme zimeni, adhana yakaribia.

Athman (London): Siwezi kuisahau Faraj. Upande wa pili ulikuwa umeliwa mwanzo, wimbo wa kwanza ulikuwa ukianzia katikati. Mpaka leo nikiusikia mzima naona kama umeongezwa.

Athman (London): Dada Rukia, swali lako ni la haki, na mimi nimekwenda nalo ukumbini. Hofu yangu ilikuwa nitamkuta mtu anamwigiza Freddie, kavaa lile koti la manjano, kabandika masharubu. Lau ningekuta hivyo ningetoka. Adam hakufanya hata kimoja. Haigi sauti wala mwendo. Kuna mahali alisimama akawaambia watu kwamba hakuja kuchukua nafasi ya Freddie, yeye ni shabiki kama sisi aliyepata bahati ya kuziimba nyimbo hizi. Alipomtaja jina ukumbi mzima ulipiga makelele, naye akanyamaza, akawaachia mpaka wakamaliza.

Athman (London): Huyo kijana alikuwa na miaka tisa Freddie alipofariki. Walimwona 2009 kwenye mashindano ya kuimba ya televisheni huko Marekani, Brian na Roger wakapiga naye siku ya fainali. Maonyesho kamili wameanza 2012. Kabla yake walikuwa na Paul Rodgers, mwimbaji mkubwa sana, lakini yule alikuja na njia yake ya bluzi na nyimbo hazikumkaa. 2009 wakaachana kwa wema. Kwa hiyo si kwamba walimwokota mtu wa kwanza aliyepita.

Salim: Ami, Shangazi, wallahi mazungumzo haya yamekuja wakati wake. Naomba muendelee, nina jambo langu nitalileta.

Rukia: Lete sasa, usitufiche.

Salim: Ni kikundi chetu cha taarabu. Mnajua Maalim wetu alifariki kabla ya Ramadhani. Yeye ndiye aliyekianzisha, ndiye mwimbaji, na nyimbo karibu zote ni zake. Sasa kuna harusi Jumamosi ijayo huko Barani. Wenye harusi wanataka jina la kikundi liandikwe kwenye kadi kama zamani. Sisi tumegawanyika. Wengine wanasema tupige, wengine wanasema jina lilizikwa naye.

Rukia: Mimi niko na hao wa pili. Samahani mwanangu, najua ni riziki yenu. Lakini Juma Bhalo alipofariki 2014, nani alisimama akasema yeye sasa ndiye Juma Bhalo? Nyimbo zikabaki kwenye kaseti na kwenye vifua vya watu. Zein l'Abdin wa Lamu naye vilevile. Ule udi wake mtu mwingine akiushika ni udi tu.

Salim: Lakini Shangazi, Ikhwani Safaa ya Unguja ilianza 1905. Nani wa 1905 yupo leo? Hakuna hata mmoja. Na bado ni Ikhwani Safaa, watu wanakwenda kuwasikiliza na hakuna anayesema wamedanganywa.

Rukia: Hicho ni chama. Wana ukumbi, wana viongozi, watu huingia wakatoka tangu mwanzo. Kikundi chenu kilikuwa ni Maalim na nyinyi mliokuwa nyuma yake. Si sawa.

Zuhura: Mama na Bi Kidude je? Aliziimba nyimbo za Siti binti Saad maisha yake yote. Siti alifariki 1950, Bi Kidude akaenda nazo mpaka 2013. Hakuna aliyesema ameiba.

Rukia: Kwa sababu hakujiita Siti.

Athman (London): Dada, hapo ndipo penyewe. Nimetoka kazini sasa, wacha niandike kwa kirefu.

Athman (London): Jana palikuwa na mahali ambapo Brian alikuja mbele peke yake na gitaa la nyuzi kumi na mbili, lile la bila umeme. Akaketi. Akaanza Love of My Life. Wimbo huo ni wa Freddie, wa 1975, na miaka ile jukwaani walikuwa wakiupiga wao wawili tu, Freddie anaimba na Brian pembeni yake. Jana upande wa Freddie palikuwa patupu, na hawakumweka mtu. Adam hakutokea kabisa. Waliokuwa wakiimba ni watu, ule ukumbi wenye nafasi 20,000. Mwisho, kwenye skrini nyuma yake, akatokea Freddie kwenye picha ya zamani akamalizia wimbo. Brian akanyoosha mkono kama anayempokea.

Athman (London): Nililia dada, na sioni haya. Nilimwona mzee wa miaka 74 bado anamtunzia mwenzake mahali pake. Hapo nikajua sikudanganywa.

Rukia: Hapo umenigusa. Lakini mtu aliyefariki kuletwa aimbe kwenye kioo, mimi moyo wangu haukubali. Wetu tunawasomea hitma.

Athman (London): Sikupingi. Mara ya kwanza nilipokea. Ila karibu na mwisho walimleta tena, ile picha ya Wembley 1986, anawaimbisha watu, yeye anaita na ukumbi unaitikia. Wote waliitikia. Mimi sikuweza. Naona pale walivuka kidogo, maana kuitikiana ni kwa walio hai.

Faraj: Maneno hayo.

Athman (London): Na kuna lililoniuma zaidi ambalo sikulisikia kwa mtu yeyote njiani. Freddie kila mtu anamlilia. Mimi nilimkosa John Deacon, mpiga besi. Aliingia 1971, mtu wa kimya, hata kuimba haimbi. Ule wimbo Another One Bites the Dust ni wake, 1980, ulishika namba moja Marekani. Baada ya Freddie kufariki aliendelea kidogo, kisha 1997 akaacha kabisa. Yu hai, hataki tu jukwaa, na wenzake wamemheshimu.

Athman (London): Sasa anapiga Neil Fairclough. Ni mpigaji hodari, hakukosea popote. Lakini mimi besi ile naijua tangu kaseti ya Faraj. Nilikuwa naingoja ikae mahali pake, ikawa inakaa karibu sana, lakini si pale. Aliyekaa nami kiti cha pili alikuwa anacheza, amefurahi. Mimi nilikuwa nasikiliza pengo. Salim, kwa hiyo usiniulize Maalim tu. Niulize pia nani amehama, nani alikuwa akipiga nini. Watu watamtafuta mwimbaji, lakini anayewajua vizuri atasikia na yale mengine.

Salim: Ami umenifungua macho. Kwetu mpiga tabla naye yuko Saudia tangu mwaka jana. Hakuna hata mtu aliyemtaja kwenye kikao.

Athman (London): Waona.

Zuhura: Mjomba mimi nina swali la kitoto. Ile nyimbo yao Bohemian Rhapsody bila Freddie wanaifanyaje?

Athman (London): Si la kitoto. Ile sehemu ya katikati, ya sauti nyingi kama kwaya, hawakuiimba jukwaani hata Freddie alipokuwa hai. Studioni waliipanga safu juu ya safu, watatu tu, Freddie, Brian na Roger, na zile sauti za juu kabisa ni Roger mpiga dramu. Kitu kile hakiwezekani kwa watu wanne wamesimama mbele ya watu. Kwa hiyo tangu enzi zile wakifika pale walikuwa wanaondoka jukwaani, rekodi inapigwa, kisha wanarudi na magitaa kumalizia. Jana ikawa hivyo hivyo. Adam aliimba mwanzo na mwisho, katikati ni rekodi ya 1975, sauti za wale watatu wenyewe.

Athman (London): Nawaambia hili kwa sababu watu hudhani zamani kila kitu kilikuwa kamili, sasa ndiyo pamekatwa kipande. Hata zamani walijua lipi laweza kufanywa na watu waliopo, na lipi liachwe. Hawakuona aibu.

Salim: Na lile gitaa la Brian ni lile lile?

Athman (London): Lile lile. Alilitengeneza na baba yake nyumbani kuanzia 1963, shingo ni mbao ya rafu ya zamani ya juu ya meko. Na hapigi kwa kile kiplastiki mnachotumia nyinyi, anapiga kwa sarafu ya zamani ya peni sita. Kwa hiyo ule mlio ni wake kweli, hauwezi kuukosea hata ukiwa mgongo umempa. Hilo nalo lilinituliza. Kundi lenye mlio ule na ngoma za Roger bado lina haki ya jina.

Rukia: Basi kaka, tuseme nimekubali nusu. Wao wamebaki wawili waliokuwepo tangu 1970, na wamesema wazi kwamba huyu si yule. Salim, nyinyi mliobaki ni nani?

Salim: Wa tangu mwanzo ni mimi kinanda… hapana Shangazi, mimi nimekuja baadaye. Wa mwanzo ni mpiga fidla na yule mzee wa akodiani. Wawili.

Rukia: Nao wanasemaje?

Salim: Mzee wa akodiani ndiye anayetaka tupige. Anasema akikaa nyumbani atakufa kwa majonzi. Wa fidla hajasema kitu.

Rukia: Na mkewe Maalim mmemwuliza?

Salim: Bado.

Rukia: Subhanallah. Mnagawanyika kikaoni na mwenye nyumba hamjamwuliza? Leo alasiri uende. Usiende mikono mitupu, pita kwangu uchukue mkate wa mofa. Na uende na yule mzee, usiende peke yako.

Faraj: Msikilize shangazi yako.

*Jioni*

Salim: Nimerudi. Tumekaa naye mpaka magharibi.

Zuhura: Ehee?

Salim: Amekubali tutumie jina. Amesema Maalim mwenyewe hakupenda vyombo vilale. Lakini ametaka mambo mawili. Mwimbaji atambulishwe kwa jina lake, asiachwe watu wakadhani ni mtoto wa Maalim. Na kuna wimbo mmoja, ule aliomtungia yeye walipooana. Huo tusiuimbe.

Athman (London): Basi usiimbwe.

Salim: Mpiga fidla aliuliza kama twaweza kuupiga bila maneno. Akasema hapana, hata bila maneno.

Athman (London): Msiupige. Mna nyingine nyingi. Na kadi iandikwe jina la kikundi, chini yake jina la mwimbaji. Kama Queen walivyofanya, jina la Adam liko pale pale kwenye tikiti, halikufichwa.

Salim: Tutaandika hivyo. Na mpiga tabla nimempigia Saudia nikamweleza. Amefurahi tumemkumbuka, na amemwelekeza anayeshika nafasi yake zile nyimbo mbili za mwendo wa haraka.

Rukia: Vizuri sana. Sasa harusi ni saa ngapi?

Salim: Kina mama kuanzia saa mbili usiku, sisi tunapanda saa tatu.

Rukia: Niwekee viti vitatu mbele, mimi, mkewe Maalim na Zuhura akimaliza mtihani. Nataka nimsikie huyo mwimbaji mwenyewe kabla sijasema lolote.

Faraj: Na mtu amrekodie Athman.

Athman (London): Tafadhali. Yote, tangu mnapolinganisha vyombo.